Waliokaa Pamoja Bila Cheti: Haki Iliyosahaulika Lubumbashi

Mume na mke waliooana kisheria huko Bel-Air, katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, wakishindwana wana pa kwenda: mahakama ya amani. Jaji hujaribu kwanza kuwapatanisha, na akiona unyumba umeharibika kiasi cha kutotengenezeka, huuvunja, kisha mali waliyochuma pamoja hugawanywa. Waliokaa pamoja kwa maelewano yao tu, mtindo ambao Wakongo wengi huuita yaka tofanda, hawana njia hiyo hata kama wamezaa, wamelea na kujenga. Wengi husema haya ni matunda ya vijana kuacha maadili. Mimi naona chanzo ni cha zamani zaidi, nacho kimo katika namna mji huu ulivyoizoesha ndoa kutegemea daftari la mwajiri.

Élisabethville, jina la kale la Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanza kuwaajiri watu kwa mikataba ya miaka 3, iliwahimiza waje na wake zao, kwa kuwa mwenye familia hakimbii kazi upesi. Mke aliyetambuliwa na kampuni alipata posho ya chakula na nafasi kambini. Nje ya kambi, mitaa ya Waafrika iliwekewa utawala wake yenyewe kwa dekreti ya mwaka 1931, na mahakama za mitaa hiyo zilisikiliza mashauri ya mahari na talaka. Kuanzia mwaka 1933, jarida la sheria za kimila lililoanzishwa mjini humo na Antoine Sohier lilichapisha hukumu za aina hiyo. Kwa hiyo kuandikisha ndoa kulikuwa na faida iliyoonekana mezani. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi ya Union Minière, ilirithi desturi hiyo, lakini kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na posho zao zikaisha. Mahari ilibaki kudaiwa, ila mwajiri aliyekuwa akiifanya ndoa ya maandishi iwe na thamani ya kila siku hakuwapo tena.

Sheria haikuifuata hali hiyo. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inadai mahari, na ndoa iliyofungwa nyumbani kimila lazima iandikishwe. Kwa watoto ni sheria ya huruma: inakataza ubaguzi kati ya aliyezaliwa ndani ya ndoa na aliyezaliwa nje, na watoto waliotambuliwa na baba yao hurithi robo tatu ya mali yake. Mjane aliyeolewa naye ana fungu lake, pamoja na haki ya kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Mwanamke aliyeishi na mwanamume bila ndoa hana fungu lolote. Tena, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, haki juu ya kiwanja huthibitishwa kwa hati ya usajili. Hati ikiwa na jina la mwanamume peke yake, mwanamke aliyenunua saruji kwa faida ya biashara yake ndiye atakayetakiwa kuleta ushahidi, na nani hutunza risiti za saruji za miaka 15?

Wapo watakaosema kwamba kuwalinda hawa ni kuidharau mahari na wazazi. Hofu hiyo ina uzito, maana mahari ni heshima kati ya koo mbili. Lakini kwa hali ilivyo, anayefaidika na kutolipwa mahari ni mwanamume, ambaye huondoka na nyumba bila kudaiwa kitu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, inawachukulia waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, wakijulikana kuwa mume na mke, kama waliooana hadi ithibitishwe vinginevyo. Na hata ikithibitishwa kuwa hawakuoana, mwanamke anaweza kuomba matunzo. Hata hivyo, ndoa haijafa Tanzania. Ubelgiji nayo, iliyoleta sheria zake Kongo, ilipitisha mwaka 1998 sheria ya kuwatambua wanaoishi pamoja wakijiandikisha.

Pingamizi lingine ni kwamba ulinzi huu utamnufaisha hawara wa mwanamume mwenye mke halali. Jibu ni kuweka sharti: pasiwe na ndoa nyingine hai, na dai liishie kwenye kile ambacho wawili hao walichuma pamoja. Bunge lilikwisha kuigusa Kanuni hii mwaka 2016, lilipoondoa ulazima wa mke kuomba idhini ya mumewe katika mambo ya kisheria. Sura ya waliokaa pamoja bila ndoa inaweza kuongezwa kwa njia hiyohiyo, na ushahidi wa majirani na wa kiongozi wa mtaa ukubaliwe pale risiti zinapokosekana.