Mtemi Abdallah Fundikira: Cheo cha Kurithi na Amana ya Uongozi

Mtemi Abdallah Said Fundikira (1921–2007), rahimahullah, alikuwa mtemi wa Unyanyembe, Tabora, na Mwislamu aliyeingia katika siasa za Tanganyika tangu kabla ya uhuru.

Nasaba na eneo. Ukoo wake ulitawala Unyanyembe tangu zama za misafara iliyotoka pwani na Unguja. Katika ukoo huo alitoka Mtemi Isike, aliyefariki Januari 1893 akipigana na Wajerumani. Wakati wa Waingereza, Mpanda, ambayo leo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa 2012, ilikuwa wilaya ya Jimbo la Magharibi, na makao ya jimbo yalikuwa Tabora. Hadi leo reli ya Mpanda huchepuka Kaliua na kuunganika na Tabora.

Elimu na siasa. Alisoma Tabora, kisha kilimo Makerere. Baada ya uhuru wa 1961 alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria Tanganyika, na mwaka huohuo akajiuzulu uwaziri. Baadaye aliongoza bodi ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Mwaka 1991, chama kikiwa bado kimoja, alijitokeza miongoni mwa waliodai mageuzi, akaasisi chama cha UMD. Mwishoni alirejea CCM.

Mafunzo. Sisi wa visiwani tunaijua habari hii kwa njia yetu: usultani uliondoka Januari 1964, baada ya utemi wa bara. Uingereza nako, mabwana wengi wa kurithi waliondolewa bungeni mwaka 1999. Cheo cha ukoo huweza kufutwa kwa siku moja. Fundikira alibaki na elimu yake na uthubutu wa kusema, na kwa hayo alitumikia watu kwa zaidi ya miaka arubaini bila ya kiti cha baba zake.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa mbora wetu mbele Yake ni mchamungu zaidi. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi tusiwarithishe watoto wetu jina tupu. Tuwarithishe elimu na uaminifu. Wallahu a'lam.