Kampuni Iliyokodi Forodha ya Mikindani

Mtu alionapo boma la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, hudhani kwamba Wadachi waliingia katika mji huu kwa askari na mizinga. Sivyo. Waliotangulia walikuwa mawakili wa kampuni ya biashara, na silaha yao kubwa ilikuwa karatasi.

Karatasi hiyo ilitiwa sahihi Unguja tarehe 28 Aprili 1888. Sayyid Khalifa bin Said alikuwa amekaa katika kiti cha ndugu yake, marehemu Sayyid Barghash, kwa muda wa mwezi mmoja tu. Kwa mapatano hayo aliikodisha Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki pwani yote tangu mto Umba mpaka mto Ruvuma, kwa miaka 50. Kampuni ikusanye ushuru, na Kampuni itawale, lakini kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake.

Kukodi forodha hakukuwa jambo geni. Tangu miaka mingi Masultani walikuwa wakikodisha ushuru wao kwa matajiri wa Kihindi, wala watu wa pwani hawakuona ajabu Banyani kukaa forodhani akihesabu pembe na sandarusi zilizoletwa kutoka bara. Lakini Banyani hakutaka kumtawala mtu. Alitoza ushuru, akala faida yake, na mambo ya mji akawaachia liwali na wenye mji. Hata liwali mwenyewe hakuwa na nguvu nyingi huku kusini, maana Unguja ni mbali na askari wake walikuwa wachache. Amri yake ilishika kwa kadiri alivyosikilizana na wakubwa wa mji na wa bara. Hili ndilo Wadachi wasilolielewa. Walidhani Sultani amewakodisha utii wa watu, kumbe utii huo haukuwamo katika ghala yake.

Agosti 1888 mawakili wa Kampuni waliwekwa katika bandari, hata Kilwa, Lindi na Mikindani. Huko Pangani walitweka bendera ya Kampuni, wakamdharau liwali; na habari za pwani hazikawii, kwa kuwa majahazi hayakomi kupanda na kushuka. Septemba moto ukawaka. Kilwa mawakili wawili, Krieger na Hessel, waliuawa. Wale wa Lindi na Mikindani walikimbilia baharini. Basi utawala wa miaka 50 ulikwisha Mikindani kabla mtama haujatoa suke.

Kampuni ilisaliwa na Bagamoyo na Dar es Salaam peke yake. Ndipo Serikali ya Kaisari ilipoingia. Januari 1889 baraza la Berlin lilitoa marki milioni 2. Hermann Wissmann akaandika askari wa Kisudani huko Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mei 1890 zilitwaliwa Kilwa, kisha Lindi, na mwisho Mikindani.

Sasa, msomaji, tazama hesabu ilivyofungwa. Sultani alipewa marki milioni 4, pwani ikawa mali ya Wadachi kabisa. Tangu tarehe 1 Januari 1891 Serikali ilishika utawala, na Kampuni ikapumzika na vita, magereza na mashauri. Ndiyo iliyokopa fedha za kumlipa Sultani, ni kweli. Lakini iliahidiwa marki 600,000 kila mwaka kutoka katika ushuru wa pwani, na biashara yake iliendelea. Mimi sijui mfanyabiashara mwingine wa pwani hii, Mwarabu wala Mhindi, aliyefukuzwa forodhani akazidi kula ushuru wa forodha.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1891 Mreno aliwapa Kampuni ya Nyassa nchi iliyo kati ya Ruvuma na Lurio, na kampuni hiyo haikufukuzwa upesi: ilitawala mpaka mwaka 1929. Ilitoza kodi ya nyumba, ikawashika watu kazi kwa nguvu. Si kwamba upande wetu hapakuwa na kodi. Wadachi nao walianza kuitoza mwaka 1898. Lakini watu walipima mizigo miwili, na Wamakonde, Wamakua na Wayao wengi wakavuka mto kuja kaskazini. Jamaa nyingi za Mtwara na Newala hata leo husimulia safari hiyo ya babu zao. Nyumba iliyotozwa kodi ilibaki ng'ambo. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuvuka.