Kukagua Mtaa kwa Miguu

Mwaka wa 1913 Profesa William Simpson alitumwa kutoka Uingereza akague afya ya Nairobi, mji uliopigwa na tauni 1902. Aliuona msongamano wa Indian Bazaar, pale Biashara Street ya leo. Dawa yake? Watu watengwe kwa rangi, kila kundi na mtaa wake. Yaani mitaro ikikosekana, kosa ni la ngozi!

Miaka 96 baadaye, vijana wa Kibera nao walikagua mtaa. Kwenye ramani zilizokuwepo, kwao palionekana msitu au pengo tupu. Wakashika GPS, wakapenya vichochoroni wakiweka alama: bomba la maji, choo, kliniki, duka la dawa. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa njia.