Somo la Historia: Kompyuta Kuukuu na Flopi Mpya

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya mawili: KOMPYUTA, FLOPI.

Hapa Rwamgasa, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu akipata injini mpya, haifungi papo hapo. Kwanza hutazama puli na mkanda. Kisha hujiuliza kama pipa lake litastahimili mwendo ule. Asipofanya hivyo, fedha yake imepotea. Kompyuta nazo zina historia ya namna hiyo.

Nchi yetu ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Huo ulikuwa mtambo mkubwa, si kitu cha kuwekwa mezani. Mwaka 1974 serikali ikazuia kompyuta kuingizwa nchini ila kwa ruhusa maalum. Baadaye masharti hayo yakalegezwa. Lakini wakati sisi tulipokuwa tumefunga mlango, huko ng'ambo mambo yalikwenda mbio.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ndogo ya mezani. Barua na hesabu ziliwekwa katika flopi, yaani kisahani chembamba cha plastiki kinachoshika maandishi kwa nguvu ya sumaku. Katika kompyuta yao ya mwaka 1983, iliyoitwa XT, flopi ilikuwa na upana wa inchi 5¼, nayo ilichukua herufi zaidi ya laki 3 na nusu. Mwaka 1987 IBM ikatoa kompyuta zenye flopi ya inchi 3½. Flopi hiyo ni ndogo zaidi, ila huchukua herufi zaidi ya milioni 1 na laki 4.

Hapo tatizo likazaliwa. Mwenye XT aliletewa flopi ndogo, na mashine yake haina pa kuitia. Kununua kompyuta nzima ni gharama. Kununua kisomeo cha flopi peke yake ni nafuu. Je, kitakubali?

Ni lazima mambo matatu yapatane. La kwanza ni nyaya: plagi za kisomeo kipya si sawa na za zamani, basi hutafutwa kiungo. La pili ni programu: MS-DOS 3.2 ya mwaka 1986 ndiyo iliyoanza kuitambua flopi ya inchi 3½. La tatu ni mwendo: kadi ya XT inayoongoza flopi hupokea habari kwa nusu tu ya mwendo unaotakiwa. Kwa hiyo kisomeo kipya kitasoma flopi za herufi laki 7 na kitu tu. Zile za milioni 1 na laki 4 hakitaziweza mpaka kadi nayo ibadilishwe.

Mwaka 2011 kampuni ya Sony, iliyobuni flopi ya inchi 3½, iliacha kuziuza huko Japani. Aliyenakili kumbukumbu zake mapema anazo hata leo. Aliyengoja ana visahani asivyoweza kuvisoma.

Basi, ndugu zangu, kitu kipya hufanya kazi kwa kadiri ya uwezo wa kile cha zamani kilichofungiwa. Uliza kabla ya kulipa.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Ni mambo gani matatu yanayotakiwa kupatana?
2. Kumbukumbu za kikundi chenu zimewekwa wapi? Je, zitasomeka baada ya miaka 20?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.