Sauti Kwanza: Namba za Kamera Zilikotoka

Somo la historia kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Leo tutazungumza habari za namba. Usiogope, maana si hesabu ngumu. Ni namba zilizomo ndani ya kamera ya dijitali, hata ile iliyomo katika simu ya mkononi. Ukifungua mahali pa kupangia video utaona 24, 25 na 30. Utaona 720, 1080, na pengine 4K. Upande wa sauti utaona 44.1 au 48. Watu wengi huchagua namba iliyo kubwa kuliko zote, kisha huendelea na kazi yao.

Yafaa tuulize: namba hizi zilitoka wapi? Kwa nini 24, wala si 20? Kwa nini 48, wala si 50? Jibu lake ni historia ya miaka mia moja na zaidi, na ndani yake mna jambo moja ambalo nataka ulishike: mara nyingi sauti ndiyo iliyoiamuru picha. Mwenye kulijua jambo hili huipanga kamera yake kwa busara.

Pengine utasema, jambo hili lina uzito gani? Basi mfikirie mzee wa ukoo anayeeleza mipaka ya shamba, au bibi anayetaja majina ya wazazi wa wazazi wake. Picha ikiwa na giza kidogo, wajukuu watamtambua. Lakini maneno yake yakimezwa na upepo, hakuna atakayejua mpaka ulipita wapi, na akiisha kufariki hakuna wa kumwuliza tena.

Picha zilipokuwa bubu

Tuanze mwanzo. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza fonografi, mashine iliyoweza kunasa sauti na kuirudisha. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio picha zinazokwenda. Kwa hiyo sauti ilinaswa kwanza, na picha zinazokwenda zikafuata baadaye. Lakini hazikuoana upesi.

Katika siku hizo za kwanza fundi alizungusha mpini wa kamera kwa mkono. Picha zilipita kama 16 kwa sekunde moja, mara nyingine zaidi, mara nyingine pungufu. Hakuna aliyejali sana, maana jicho lina uvumilivu. Mtu wa sinema akitembea upesi kuliko kawaida, watazamaji hucheka tu. Sikio halina uvumilivu huo. Izungushe santuri upesi zaidi, na sauti ya mtu mzima itageuka nyembamba kama ya ndege. Izungushe polepole, nayo itakuwa nzito kama ya mlevi.

Namba 24

Ndipo ikaja sinema yenye sauti. Kampuni ya Warner Bros. ilitumia mashine zilizoitwa Vitaphone, ambazo sauti yake ilikuwa katika santuri kubwa zilizozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Tarehe 6 Oktoba 1927 sinema iitwayo *The Jazz Singer* ilionyeshwa New York kwa mara ya kwanza. Watu wakamwona mwimbaji, wakamsikia papo hapo.

Tangu hapo mkono wa fundi haukufaa tena. Ilikuwa lazima mota iendeshe filamu kwa mwendo mmoja usiobadilika, na mwendo uliochaguliwa ni picha 24 kwa sekunde. Filamu ya milimita 35 ina picha 16 katika futi moja. Kwa hiyo picha 24 kwa sekunde ni sawasawa na futi 90 za filamu kwa dakika. Baadaye sauti ilipochapwa pembeni mwa filamu yenyewe, mwendo huo ulifaa zaidi, maana filamu ikienda polepole mno sauti nyembamba hazipati nafasi ya kuandikika. Jicho lingaliweza kuendelea na picha 16 au 18. Sikio ndilo lililodai mwendo ulio imara. Kwa hiyo unapoona 24 katika kamera yako, kumbuka kwamba namba hiyo ya picha iliamuliwa kwa ajili ya sauti.

Jambo hili lilifika hata Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, palikuwa na jaribio la sinema za elimu lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitumia filamu za milimita 16, na sauti ikawekwa katika santuri. Njia hii ilikuwa na faida, kwa kuwa picha zile zile ziliweza kupewa maneno ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Lakini ilikuwa na taabu yake pia. Filamu na santuri ni kama wasafiri wawili wa njia moja: mmoja akichelewa hatua moja tu, midomo na maneno haviendi pamoja.

Namba 25 na 30

Sasa tuitazame televisheni. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza matangazo yake ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, kwa picha 25 kila sekunde. Kwa nini 25? Kwa sababu umeme wa Uingereza hubadilika mara 50 kwa sekunde, na 25 ni nusu yake. Picha isipopatana na umeme, michirizi hutambaa juu ya kioo. Marekani umeme wao ni 60, kwa hiyo mwaka 1941 walikubaliana picha 30.

Mwaka 1953 Wamarekani walipotaka kuongeza rangi wakaona shida. Mawimbi ya rangi yangegongana na mawimbi ya sauti, na alama mbaya zingeonekana katika picha. Sauti haikuweza kuhamishwa, maana televisheni nyingi zilikuwa zimekwisha kununuliwa na zote ziliitegemea mahali pale pale. Basi mafundi wakaiacha sauti, wakaipunguza mwendo picha kwa sehemu moja hivi katika elfu. Picha 30 zikawa 29.97. Namba hiyo ya ajabu ingali katika kamera za leo. Tazama tena: sauti ilikaa, picha ikasogea.

Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa 50, kama ule wa Uingereza. Taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, ingawa macho yetu hayaoni. Ukipiga picha 25, na kila picha ikafunguliwa kwa muda wa 1/50 ya sekunde, kila moja hupokea mipepeso miwili kamili, na mwanga hutulia. Ukipiga picha 30 kwa 1/60, hesabu haitimii, na pengine ukuta utaonekana ukiwaka na kufifia. Kamera haijaharibika. Imepangwa kwa umeme wa nchi nyingine.

Namba 44.1 na 48

Sauti ya dijitali ni sauti iliyopimwa mara nyingi sana kwa sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kama namba. Ipimwe mara ngapi? Harry Nyquist mwaka 1928, na Claude Shannon mwaka 1949, waliweka msingi wa jibu: vipimo vizidi mara mbili ya mtetemo ulio wa juu kuliko yote. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo vipimo hapana budi vipite 40,000.

Basi 44,100 ilitoka wapi? Safari hii sauti ndiyo iliyokopa kwa picha. Katika miaka ya 1970 mahali palipofaa kuwekea namba nyingi namna hiyo palikuwa katika mashine za utepe wa video. Chukua mistari 245 ya picha, weka vipimo 3 katika kila mstari, mara 60 kwa sekunde: utapata 44,100. Kwa nchi za umeme wa 50 chukua mistari 294, vipimo 3, mara 50: utapata 44,100 vile vile. Namba hii ikawa ya santuri za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982.

Lakini kwa kazi za sinema na televisheni namba iliyoshika ni 48,000. Chukua kalamu, ugawe. Ukiigawa kwa 24 unapata 2,000. Kwa 25, unapata 1,920. Kwa 30, unapata 1,600. Kila picha inapata vipimo vyake kamili pasipo baki. Sasa gawa 44,100 kwa 24: utapata 1,837 na nusu. Kwa hiyo kwa video chagua 48.

Kamera ya picha iliyofundishwa kusikia

Mwaka 1975 Steven Sasson, fundi wa kampuni ya Kodak, aliunda kamera ya dijitali ya kushikwa mkononi. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika utepe wa kaseti. Yaani kamera hiyo iliweka picha zake katika utepe uliotengenezwa kwa ajili ya sauti.

Mwaka 2008 zikatoka Nikon D90, kisha Canon EOS 5D Mark II, kamera za wapiga picha zilizoweza pia kupiga video. Watu wakaistaajabia picha ya Canon. Lakini ilipiga picha 30 tu kwa sekunde, ilipima sauti mara 44,100, na ilijipangia yenyewe nguvu ya sauti. Kamera inayojipangia hivyo, msemaji akinyamaza, huongeza nguvu ili isikie kitu, na kitu hicho huwa mvumo. Mwezi Machi 2010 Canon ilitoa programu mpya ya kamera hiyo. Ilileta nini? Mwendo wa 24 na wa 25, sauti ya 48, na ruhusa ya kupanga nguvu ya sauti kwa mkono. Nukta za picha hazikuongezwa hata moja. Ubora uliotafutwa ulikuwa katika namba zile za zamani.

Hesabu ya kadi

Video ya 1080 ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti 3, na picha zikiwa 25, ni zaidi ya megabaiti 155 kwa sekunde. Kadi ya gigabaiti 32 ingejaa kabla ya dakika 3 na nusu. Ndiyo sababu kamera huibana picha. Hesabu moja iliyo msingi wa kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed na wenzake wawili. Ikibanwa hadi megabaiti 2.5 kwa sekunde, kadi ile ile huchukua saa 3 na nusu.

Na sauti? Vipimo 48,000, baiti 2 kila kimoja, kwa njia mbili, pasipo kubanwa hata kidogo, ni baiti 192,000 kwa sekunde. Hiyo ni kama sehemu moja tu katika 13 ya picha iliyokwisha kubanwa. Anayeipunguza sauti ili kuokoa nafasi hupata faida ndogo kwa hasara kubwa.

Upange namna gani?

Kwanza, chagua 1080 na mwendo wa 25. Kwa mtu anayesema, 1080 yatosha. Ukiwa na nafasi katika kadi, chagua mbano mdogo kabla ya kuongeza nukta, maana nukta nyingi zilizobanwa mno hufanya picha kama ukungu.

Pili, weka sauti kwenye 48, uzime upangaji wa kamera yenyewe, na umwombe msemaji aseme kwa sauti yake ya kawaida. Kipimo kifike karibu na -12, kisiguse 0. Juu ya 0 hakuna namba ya kuandika, na sauti iliyokatwa hapo haitengenezeki.

Tatu, isogeze maikrofoni. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu, nguvu ya sauti inayofika huongezeka mara 4. Hakuna namba katika kamera inayoweza kufanya kazi hiyo. Ukitumia kinasa sauti kingine pembeni, piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, ili baadaye wale wasafiri wawili uwakutanishe.

Nne, piga dakika moja ya majaribio, kisha usikilize kwa vifaa vya masikioni.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini sinema bubu iliweza kuendeshwa kwa mkono, na sinema yenye sauti haikuweza?
2. Gawa 48,000 kwa 50. Je, kuna baki?
3. Ni nani katika kijiji au mtaa wenu ambaye maneno yake yafaa kunaswa mwaka huu? Mwendeeni, mpige dakika moja ya majaribio, kisha mwisikilize mkiwa mmefumba macho. Kila neno likisikika, mwombeni aendelee.