Subira na Karatasi: Mwanamke na Ndoa katika Mfululizo wa Riwaya za Buchi Emecheta

Methali isemayo kwamba subira huvuta heri imekuwa tangu zamani ndiyo nasaha ya kwanza apewayo mwanamke aliyekwama katika ndoa ya mateso. Wahakiki wa fasihi nao, wanapomsifu mhusika wa kike kwa ustahimilivu wake, aghalabu hufanya kazi ile ile ya kungwi: humpongeza kwa kuvumilia, wasiulize uvumilivu huo ulimfikisha wapi. Riwaya za Buchi Emecheta wa Nigeria zastahili kupimwa kwa swali hilo, kwani ndani yake wanawake wote huvumilia, lakini si wote wanaookoka.

Emecheta alizaliwa Lagos mwaka 1944, wazazi wake wakiwa Waigbo wa mji wa Ibuza, upande wa magharibi wa mto Niger. Aliolewa mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 16, akamfuata mumewe London mwaka 1962, na mwaka 1966 akaachana naye. Akiwalea peke yake watoto watano, alifanya kazi ya maktaba, akasomea elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha London, na kuandika. Masimulizi aliyoyachapisha katika jarida la New Statesman ndiyo yaliyozaa riwaya yake ya kwanza, In the Ditch, mwaka 1972. Alifariki London mwaka 2017.

Yafaa izingatiwe kwamba mfululizo wa riwaya zake za mwanzo haukufuata mkondo wa wakati. Ya kwanza yamkuta Adah akiwa tayari ameachana na mume. Ya pili, Second-Class Citizen (1974), yarudi nyuma kueleza utoto wa Adah na ndoa yenyewe. The Bride Price (1976) yarudi hadi Nigeria ya miaka ya 1950, na The Slave Girl (1977) hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha The Joys of Motherhood (1979) yaziba pengo lililobaki, kwa kueleza maisha ya Lagos kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili. Wahusika wakuu hawa hawana jina moja wala nyumba moja, lakini wakipangwa kwa mpango wa historia huwa kama ukoo mmoja: nyanya, mama na binti. Ni kama kwamba mwandishi, baada ya kutoka katika ndoa yake, aligeuka nyuma kuitafuta asili ya kifungo alichokikata.

Asili hiyo yaonekana katika maisha ya Ojebeta, ambaye msingi wake ni mama mzazi wa Emecheta. Maradhi ya homa yaliyoenea ulimwenguni mwaka 1918 yanamfanya yatima, naye kaka yake anamwuza kwa pauni 8 kwa mfanya biashara wa kike wa Onitsha, apate fedha za kujipamba kwa ngoma. Miaka mingi baadaye Ojebeta anaolewa, na mumewe anawalipa warithi wa yule bibi pauni zile zile 8. Hapo mwandishi hahitaji kuhubiri. Bei ya mtumwa na bei ya uhuru wa mke ni moja. Kilichobadilika ni bwana tu.

Aku-nna, katika The Bride Price, anathubutu kukimbia. Akiisha kutekwa ili aozwe kwa nguvu, anatoroka na mwalimu ampendaye, ambaye ni wa kizazi cha watumwa. Baba yake wa kambo anakataa kupokea mahari, na binti anafariki katika uzazi, kama itikadi ya jamii ilivyotabiri. Ujasiri alikuwa nao. Pa kukimbilia hakuwa napo.

Lakini mizani ya mfululizo mzima imo katika mahakama mbili. Ya kwanza ni ile ya Lagos anakosimama Nnu Ego kumtetea mumewe Nnaife, aliyeshtakiwa kwa kumshambulia mtu kwa panga. Huyu ni mwanamke aliyepigwa na mume wa kwanza kwa kukosa mtoto, akaozwa wa pili asiyempenda, akauza kuni na sigara ili watoto wasome. Anapoulizwa ni nani alipaye karo, anakiri kwamba hulipa yeye, ila kwa kuwa Nnaife ndiye mwenye kummiliki, basi mlipaji ni Nnaife. Jasho lake mwenyewe halina jina lake. Hatimaye anafariki kando ya njia, peke yake, ingawa amezaa na kusomesha wana.

Mahakama ya pili ni ya London. Francis, mumewe Adah, anakana kwamba waliwahi kuoana, naye amekwisha kuichoma hati ya ndoa pamoja na vyeti vya watoto. Alikuwa pia amechoma mswada wa hadithi ya kwanza ya mkewe. Anapotamka kwamba watoto waweza kuchukuliwa na watu wengine, Adah anajibu kuwa watoto ni wake. Kwa jibu hilo anadai kile ambacho Nnu Ego hakuweza kukidai.

Tofauti hiyo haikutokana na moyo. Nnu Ego hakuwa mnyonge kuliko Adah. Adah alikuwa na shule, alikuwa na mshahara wa kazi ya maktaba, na alikuwa na kalamu. Francis aliufahamu uwezo huo barabara, na ndiyo maana alichoma karatasi. Lakini mswada alioupoteza Emecheta katika moto wa namna hiyo aliuandika upya, na ndio uliotoka mwaka 1976 kwa jina la The Bride Price.

Hata hivyo uhuru wa Adah haukupambwa. Katika In the Ditch anaishi katika majengo machafu ya halmashauri, akitegemea msaada wa serikali, na maofisa wa ustawi humwamulia mambo kama alivyomwamulia mume. Humo lakini anapata majirani wa kike wa kucheka na kulalamika nao, na kutoka humo anaandika.

Basi ustahimilivu, kwa ushahidi wa riwaya hizi, si fadhila ya kusifiwa peke yake. Subira ya Nnu Ego ilivuta heri kwa wengine. Iliyomvutia Adah heri ilikuwa subira iliyoshika kitabu mkononi na kujua mlango ulipo.