Kazi ya Umma Kindu: Kutoka Amri hadi Hiari
Watu wa mji wa Kindu na mkoa wa Maniema, nchini Kongo, walijua kazi ya umma kwa amri kabla ya kuijua kwa hiari. Tangu 1917 serikali ya Kibelgiji iliwalazimisha wanavijiji wa Kongo kulima mazao iliyoyataka, mwanzoni hadi siku 60 kwa mwaka. Miaka ya 1970 Rais Mobutu akaleta salongo, kazi ya umma ya lazima. Wapo wanaoitetea: mitaro ilizibuliwa, barabara zikafagiliwa. Ni kweli, lakini aliyefagia kwa kumwogopa mkubwa hakuulizwa mtaa wake unahitaji nini. Hapo ndipo mwanafunzi anayejitolea leo katika Msalaba Mwekundu anapopata somo zito: kumsikiliza jirani kabla ya kushika jembe, na kukataa hiari yake kugeuzwa kibarua kisicholipwa.